Kufukuza si Kurudisha Mpakani

Karatasi za uhamiaji za Kongo zina neno la Kifaransa, refoulement, ambalo wengi wetu hulifasiri ovyo kwa "kufukuza". Maana yake ni nyembamba zaidi: mgeni amefika mpakani, hana viza, anageuzwa. Kufukuza ni kumtoa aliyekwisha kuingia na kukaa. Mimi ningeita la kwanza urudishaji mpakani, la pili ufukuzaji nchini, na nisingekubali yachanganywe, kwani haki za mtu hutegemea lipi limeandikwa.

Ahmadou Sadio Diallo, mfanyabiashara wa Guinea, alikuwa ameishi Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, miaka 32. Oktoba 1995 Waziri Mkuu alitia saini amri ya kumfukuza. Alipotolewa tarehe 31 Januari 1996, hati aliyopewa ilisema refoulement. Sheria ya 1983 ilikuwa wazi: anayerudishwa mpakani hana rufaa. Guinea ilipokwenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki, Kongo ilidai Diallo hakutumia kwanza njia za kisheria za ndani ya nchi, na kwamba neno lile liliandikwa kwa bahati mbaya. Mwaka 2007 Mahakama ilikataa: serikali haiwezi kujikinga kwa kosa la maofisa wake wenyewe. Hukumu ya 2010 ilisema ufukuzaji ulikuwa haramu, kwa sababu amri haikutaja sababu za kueleweka wala tume ya uhamiaji haikushauriwa. Fidia iliyopangwa 2012 ni dola 95,000.

Sheria ya wakimbizi inalitumia neno hilohilo kwa maana pana: kumsukuma mtu kuelekea hatari. Hapo ningesema urejeshaji hatarini. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 unakataza hata kumkatalia mkimbizi mpakani, ikiwa kukataliwa kutamlazimu kurudi au kubaki mahali ambapo uhai, mwili au uhuru wake unatishwa.

Kwa msomaji wa kando ya Ziwa Tanganyika jambo hili liko karibu, maana kati ya Kalemie ya Kongo na Kigoma ya Tanzania mpaka ni maji. Mtumbwi wa wakimbizi ukigeuzwa ziwani, hakuna hati, hakuna muhuri. Ukizama, serikali itasema iliwarudisha tu. Kwa maoni yangu swali la kwanza la mpelelezi liwe: nani aliamuru wageuke, na alijua nini kuhusu walikotoka na hali ya ziwa siku ile?