SOMO LA HISTORIA NA AFYA: MZAZI MBELE YA DAKTARI KATIKA UNGUJA

Kama wewe ndiye msomaji wa nyumba, basi soma kwa sauti ili na wenzako wapate kusikia. Leo tutasoma habari ambazo vitabu vya historia havina desturi ya kuzieleza sana, nazo ni habari za mzazi aliyempakata mtoto mgonjwa. Mtoto mchanga hana maneno. Hawezi kusema kichwa chauma au tumbo lasokota. Basi mtu wa kumsemea ni nani, na tangu lini amekuwa akisikilizwa?

Tuanze karne ya 19, zama za Masultani. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa katika kasri la Mtoni mwaka 1844, alichapisha kumbukumbu zake Ujerumani mwaka 1886. Humo ameeleza jinsi ilivyokuwa taabu kwa mwanamke wa kasri kuonwa na tabibu mwanamume. Basi fikiri: ikiwa binti wa Sultani alikuwa na shida hiyo, mama wa Ng'ambo au wa shamba alikuwa na njia gani? Alikuwa na mkunga, na bibi yake, na mganga wa mitishamba, na kombe la aya za Kurani. Tusiwacheke watu hao. Kwa watoto wengi wao ndio waliokuwa msaada pekee.

Katika miaka ya 1869 na 1870 kipindupindu kiliingia Unguja kikaua watu maelfu. Wakati huo alikuwapo mjini daktari Mskochi, James Christie, ambaye alitoa kitabu juu ya maradhi hayo mwaka 1876. Jambo linalonipendeza mimi katika kazi yake ni hili: alipotaka kujua maradhi yalipita njia gani kutoka bara hadi pwani, aliwauliza wafanya biashara na watu wa misafara. Aliuliza waliona nini, wapi, na siku ngapi. Akakusanya maneno yao akayafanya elimu. Kumbuka habari hii, maana tutairudia.

Ukipita Malindi, karibu na bandari, utaona jumba refu lenye roshani za mbao zilizonakshiwa, watu huliita Zahanati ya Zamani. Lilianzwa mwaka 1887 kwa fedha ya tajiri Tharia Topan, naye akafa kabla halijamalizwa. Baadaye likawa na zahanati ya sadaka chini na nyumba za kukaa juu. Tendo la wema, bila shaka. Lakini sadaka ina tabia yake. Anayepewa hushukuru, haulizi.

Sasa twafika penye kiini. Mwaka 1918 kiliundwa mjini Chama cha Uzazi cha Zanzibar, kwa ajili ya kuwasaidia wanawake wanaojifungua na watoto wao. Michango mingi ilitoka kwa watu wa mji wenyewe, Wahindi na Waarabu wenye uwezo, na Serikali ya Kiingereza ikatia mkono wake. Ikawa mvutano wa miaka mingi baina ya Idara ya Utabibu na watu wa mji: nani atakiongoza chama? Idara yasema, sisi ndio wenye ujuzi. Watu wasema, fedha ni zetu, na wanaozaa ni wake zetu na binti zetu. Mvutano huo ulikwenda hadi mwaka 1947. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya haki, ila mama mwenye mimba wa Ng'ambo, ambaye hakuwa na fedha ya kuchanga wala cheo katika Idara, sauti yake haikuwa na kiti mezani.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Serikali ilitangaza matibabu bure kwa watu wote, na mwezi wa Agosti mwaka ule ule wakafika madaktari wa kwanza kutoka China. Hapo mambo yaligeuka. Kitu kinachotolewa kwa haki chaweza kudaiwa kwa haki. Lakini kudai ni kazi ya kujifunza. Wako wazazi hata leo wanaoketi kwenye benchi tangu alfajiri, wakiingia kwa daktari husema "mtoto hawezi" tu, wakapewa karatasi ya dawa wakatoka.

Hapo ndipo nakurudisha kwa Christie. Daktari ahitaji ushahidi, na shahidi ni wewe. Mwambie homa ilianza siku gani, saa gani hupanda, mtoto amenyonya mara ngapi, amekojoa mara ngapi, dawa gani amekwisha kupewa, hata ya kienyeji. Usiifiche, kwani dawa mbili zaweza kugongana. Chukua na kadi yake ya kliniki. Kisha uliza: ugonjwa ni nini, dawa hii hufanya nini, na nikiona dalili gani nirudi upesi? Akikuambia ungoje, uliza ungoje mpaka lini. Maswali hayo si utovu wa adabu.

Chukua mfano wa malaria. Kampeni ya kupiga dawa majumbani, iliyosaidiwa na Shirika la Afya Duniani, iliishia mwaka 1968, na malaria ikarudi kwa nguvu. Tangu mwaka 2003, kwa dawa mpya na baadaye vyandarua, imeshuka sana Unguja na Pemba. Kwa hiyo homa ya mtoto siku hizi aghalabu ina sababu nyingine. Mzazi ana haki kuomba damu ipimwe, badala ya kukubali dawa ya kukisia.

Mfano mwingine ni kichwa kikubwa cha mtoto mchanga, yaani maji yanapojaa kichwani. Mama ndiye huona kwanza: kofia ya juzi leo haiingii, na macho yanatazama chini. Asikubali kuambiwa kuwa ni kichwa cha ukoo mpaka kipimwe kwa utepe, kikapimwa tena baada ya siku chache. Zamani mtoto kama huyo alikuwa hana budi kuvuka bahari kutafuta upasuaji. Tangu mwaka 2014 iko taasisi ya upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, iliyojengwa kwa msaada wa wakfu wa NED wa Hispania, na huko watoto hutiwa mrija wa kuyapitisha maji. Kuchelewa huharibu ubongo, kwa hiyo ukipewa barua ya kwenda Mnazi Mmoja, ipeleke siku ile ile.

Katika somo lijalo tutasoma habari za maji ya Chemchem, na jinsi Sayyid Barghash alivyoyaleta mjini.