Mahali pa Ujiji Katika Ramani

Mtoto mmoja wa darasa letu hapa Buzebazeba alituuliza: simu yajuaje mahali tusimamapo? Ili kumjibu ilitupasa kuanza mbali, tangu tarehe 13 Februari 1858, siku Burton na Speke walipoliona ziwa letu.

Waingereza hao walifika wagonjwa. Burton hakuweza kwenda kwa miguu, na macho ya Speke yalikuwa mabovu hata ziwa alilionea ukungu. Vyombo vyao navyo vilikuwa taabani. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa moja. Basi msafiri ajuaye saa ya Greenwich, akiilinganisha na jua la pale alipo, hupata kujua amekwenda mashariki kadiri gani. Saa ikikosa dakika 4 tu, ramani hukosa digrii nzima, yaani maili 69 hivi. Nazo saa zao ziliharibika njiani. Ikambidi Speke kupima mwezi na nyota, kazi ngumu hata kwa mwenye macho mazima.

Kimo cha ziwa juu ya bahari alikipima kwa maji ya moto. Kadiri mtu apandavyo mlima, ndivyo maji yachemkavyo kwa joto dogo zaidi. (Sisi tulijaribu shuleni, yalitokota penye nyuzi 97 na kidogo, wala si 100.) Kipimajoto chake kilikuwa na kasoro, akapata futi 1,800 na kitu, ambapo kweli ni futi 2,500 na zaidi. Kosa hilo halikuwa dogo, kwa maana walikuwa wakitafuta chimbuko la Nili, na ziwa lililo chini haliwezi kumwaga maji yake katika lililo juu. Wataalamu wa London waligombana miaka mingi juu ya hesabu hizo.

Na hapa twasema wazi: jibu lilikuwapo, wala halikuhitaji kipimajoto. Mwaka ule ule, huko Uvira, wenyeji waliwaambia wageni kwamba mto Rusizi waingia ziwani, hautoki. Burton alihuzunika sana, asiufikie mlango wa mto, kwa kuwa wapiga makasia walikataa kuendelea. Hata hivyo mwaka 1864 aliandika kwamba mto huo watoka ziwani. Ndipo Novemba 1871 Livingstone na Stanley wakaondoka Ujiji kwa mtumbwi, wakaona kwa macho yao: waingia. Miaka 13 watu walibishana juu ya neno walilokwisha kuambiwa.

Basi turudi kwa mtoto wetu. Setilaiti za GPS zina saa za atomi, na kila moja hutangaza saa yake bila kukoma. Simu husikiliza angalau nne, ikahesabu mawimbi ya kila moja yamechukua muda gani njiani, nayo huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa hiyo shida ya Speke ingaliko, ila imekuwa ndogo mno. Saa ya setilaiti ikikosa sehemu moja katika milioni ya sekunde, hesabu ya umbali wake hukosa meta 300, na mvuvi aketiye ufukoni akishona wavu aweza kuonyeshwa kwamba yumo majini.