Norwich ilipomkaidi Waziri: kisa cha nyumba za baraza

Punguzo apewalo mpangaji wa nyumba ya baraza la mji katika Uingereza pindi anunuapo nyumba aishimo, ambalo mjini London lilikuwa limefikia hadi pauni 136,400, lilishushwa mwezi Novemba 2024 hata lisizidi tena pauni 38,000 popote. Na kwa kuwa Scotland ilikwisha kuifuta haki hiyo ya kununua mwaka 2016, na Wales mwaka 2019, yafaa tuikumbuke ikhtilafu iliyoizunguka ilipokuwa changa.

Nyumba hizo zilienea baada ya sharia ya makazi ya mwaka 1919, ijulikanayo kwa jina la Addison, na ilipofika 1979 takriban theluthi moja ya kaya zilikuwa zikikaa humo. Baraza lililotaka kuuza liliweza kuuza, lisilotaka likaacha, mpaka tarehe 3 Oktoba 1980, ilipoanza kutumika sharia ya serikali ya Margaret Thatcher iliyoligeuza hilo la hiari kuwa faradhi. Aliyepanga kwa miaka 3 alipeleka ombi lake la maandishi, na baraza likalazimika kumtajia thamani ya nyumba, kumwondolea humo asilimia 33, na asilimia 1 zaidi kwa kila mwaka uliofuata, mpaka nusu ya bei kwa aliyekaa miaka 20.

Madiwani wa Norwich, mji wa mashariki uliotawaliwa na chama cha Labour, hawakusema kwamba hawauzi. Waliuza kwa mwendo wa kinyonga. Kila mwombaji aliitwa kwanza anasihiwe juu ya uzito wa matengenezo na deni, na serikali ilipojitolea kuwapa mthamini wake ili kazi ichapuke, wakamkataa, ilhali mpangaji, juma hata juma, akiendelea kulipa kodi ya nyumba aliyokwisha kuihesabu kuwa milki yake. Mwezi Desemba 1981 Michael Heseltine, Waziri wa Mazingira, akawaarifu kwamba kazi hiyo ataitwaa mwenyewe. Wakaenda mahakamani, na shauri likafika Mahakama ya Rufani mbele ya Lord Denning, ambaye mwezi Februari 1982, baada ya kukiri kwamba ni jambo zito mno kwa waziri kuwanyang'anya madiwani waliochaguliwa na raia kazi yao, alihukumu kwamba haki za wapangaji zilikuwa zimecheleweshwa kupita kiasi, na waziri hakukosea. Norwich ikashindwa.

Kwa sharia ilistahili kushindwa. Lakini hofu yake ya kupungukiwa na nyumba za kupangisha haikuwa ya upuuzi. Nyumba zinazokaribia milioni 2 zimeuzwa Uingereza kwa njia hiyo, na mabaraza, yaliyozuiwa kwa miaka mingi kuitumia fedha ya mauzo kama yapendavyo, hayakujenga badala yake ila chache, hata nyingi kati ya zilizouzwa leo zimo mikononi mwa wenye nyumba binafsi, wanaozipangisha kwa kodi ipitayo ile ya baraza. Aliyekuwamo ndani siku ile alifadhiliwa. Aliyekuwa bado kwenye foleni ya kungojea nyumba hakuulizwa.

Mwaka 2019 Tuzo ya Stirling, iliyo kubwa kupita zote kwa wasanifu majengo wa Uingereza, ilitolewa kwa nyumba za Goldsmith Street, zipatazo mia moja. Aliyezijenga ni baraza la mji wa Norwich.