Mkalimani wa Mafeking

Julai ni mwezi wa baridi kali katika nyanda za Free State, Afrika Kusini. Mwaka 1913, katika baridi hiyo, mhariri wa gazeti dogo la Kimberley alipanda baiskeli akaenda kuwatafuta watu waliofukuzwa mashambani. Aliwakuta njiani na watoto wao na mifugo yao, wanyama wakidondoka mmoja mmoja kwa njaa. Pa kutua hapakuwepo. Mwenye shamba ambaye angewapokea kama zamani, walime kisha wagawane mavuno, angetozwa faini ya hadi pauni 100 au kufungwa hadi miezi sita. Familia moja ilifiwa na mtoto mchanga safarini. Wazazi hawakuwa na udongo wa kumzikia, wakamchimbia kaburi usiku, kwa kificho, katika ardhi ya mtu.

Mhariri huyo, Solomon Tshekisho Plaatje, aliyaandika yote aliyoyaona na kuyasikia. Kitabu alichokitoa London mwaka 1916, *Native Life in South Africa*, mpaka leo ndicho kinachotuonyesha nyuso za watu walioangukiwa na Sheria ya Ardhi ya Wenyeji ya 1913, sheria iliyowaachia Waafrika takriban asilimia 7 tu ya ardhi ya nchi yao wenyewe. Kila nikikisoma hujiuliza mtu huyu alijifunzia wapi kazi ya mwanahistoria, maana chuo kikuu hakukanyaga kama mwanafunzi hata siku moja. Nadhani alijifunzia mahakamani.

Alizaliwa Oktoba 1876 katika wilaya ya Boshof, akakulia Pniel, misheni ya Walutheri wa Kijerumani karibu na Kimberley. Shule ya misheni haikumfikisha mbali. Ilikuwa na madarasa ya chini tu. Mke wa mmisionari alimwongezea masomo ya Kiingereza, na yaliyobaki aliyatafuta mwenyewe. Lugha aliziokota kama watoto wanavyookota kuni: Kitswana cha nyumbani, Kijerumani cha misheni, Kiholanzi cha mashamba ya Makaburu, kisha Kixhosa, Kizulu na Kisotho za wachimbaji waliofurika katika mji wa almasi. Mwaka 1894 aliajiriwa Kimberley kuwa tarishi wa posta. Huko alimpenda Elizabeth M'Belle, binti wa kabila lingine, na barua zao za mapenzi ziliandikwa kwa Kiingereza. Ndugu wa pande zote mbili walipinga. Walioana 1898.

Mwaka huohuo alihamia Mafeking kuwa karani na mkalimani wa mahakama. Tuifikirie kazi hiyo. Mshtakiwa anasema Kitswana, hakimu anasikia Kiingereza, na katikati amesimama kijana wa miaka 22 anayejua kuwa neno likipinda mdomoni mwake, asiye na hatia atalala gerezani. Jambo hilo lilimkaa moyoni hata miaka kadhaa baadaye akaandika insha nzima kuhusu ukalimani wa mahakamani. Aliyezoea kuyabeba maneno ya wengine kwa uangalifu namna hiyo hawezi kuwaandikia watu maskini historia ya jumla jumla. Atataka kujua nani alisema nini, na kwa lugha gani.

Oktoba 1899, vita vya Makaburu na Waingereza vilipoanza, Makaburu waliuzingira Mafeking, na mzingiro ukadumu siku 217. Waingereza waliviita vita vile vya wazungu kwa wazungu, na waliosifiwa baadaye ni Baden-Powell, kamanda wa Waingereza mjini humo, na askari wake. Plaatje alikuwa ndani ya mji, mchana mahakamani au akiwapigia taipu waandishi wa habari wa Kiingereza, usiku akiandika shajara yake. Humo wamo Wabarolong, Watswana wa Mafeking, waliolinda mji kwa bunduki, na wamo Waafrika waliopewa mgawo duni wa chakula mpaka wakafa kwa njaa. Shajara ni ya Kiingereza, lakini Kiholanzi, Kitswana na Kixhosa vinaingia humo bila kubisha hodi, jinsi watu wa Mafeking walivyokuwa wakizungumza.

Mwaka 1912 chama ambacho baadaye kiliitwa ANC kilipoanzishwa Bloemfontein, yeye ndiye aliyekuwa katibu mkuu wa kwanza. Mwaka 1914 alikwenda Uingereza na wajumbe wenzake kuipinga Sheria ya Ardhi. Serikali ya London haikuwasaidia, vita vikuu vikazuka, wenzake wakarudi nyumbani. Yeye alibaki mpaka 1917. Mbali na kitabu cha ardhi alichapisha methali 732 za Kitswana, na pamoja na mwanaisimu Daniel Jones wa University College akatoa kitabu cha kusomea Kitswana chenye kuonyesha hata kupanda na kushuka kwa sauti.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu mbili za kumkumbuka. Oktoba 1923, akiwa tena London, aliimba *Nkosi Sikelel' iAfrika* katika sahani ya santuri, na hiyo ndiyo rekodi ya kwanza ya wimbo ambao sauti yake Watanzania wanasimama wima wakiisikia. Tena, miaka mingi kabla ya Mwalimu Nyerere kuitafsiri *Julius Caesar* kwa Kiswahili, Plaatje alikuwa ameshaitafsiri kwa Kitswana. Tafsiri yake ilitoka 1937, naye hayupo tena. Wote wawili waliutafsiri pia mchezo wa myahudi wa Venice. *Mabepari wa Venisi* ya Mwalimu tunayo rafuni. Mswada wa Plaatje ulipotea, na hasara hiyo inaniuma kama ya nyumbani.

Alifariki tarehe 19 Juni 1932. Sheria ya Ardhi ilianza kutumika tarehe 19 Juni 1913.

Shajara ya mzingiro ilikaa kimya katika karatasi za familia kwa miaka mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanaanthropolojia John Comaroff aliipata Mafeking, na 1973 ikachapishwa, miaka zaidi ya 70 baada ya kuandikwa. Ni shajara pekee ya Mwafrika inayojulikana kutoka ndani ya mzingiro ule. Inakatika mwishoni mwa Machi 1900, mji ukiwa bado umezingirwa.