Kununua Nduthi Bila Logbook: Cheki Haya Kabla Utoe Ganji

Unajua hii stori. Nduthi iko fiti, Boxer ya juzi juzi, tairi bado zina meno, inawaka kwa teke la kwanza. Bei ni karibu nusu ya zile zingine mtaani. Ukiuliza mbona iko chini hivyo, mwenye kuuza anacheka: "Ah, ni logbook tu haiko. Hiyo ni kitu kidogo, tutasort baadaye."

Binamu yangu aliamini hayo maneno. Alikuwa ameweka doo ya mjengo miezi kumi na moja. Akalipa keshi, akapewa karatasi imeandikwa na biro, akaanza kubeba wateja. Wiki ya tisa, wasee wawili wakakuja stage na karao mmoja, logbook mkononi na ufunguo wa pili mfukoni. Ufunguo ukaingia, nduthi ikawaka. Hakukuwa hata na kelele. Jumatatu binamu alirudi mjengo, na ile namba aliyokuwa ametumia kuongea na muuzaji ilikuwa imezimwa kitambo.

So kama uko karibu kutoa ganji, soma hii kwanza.

Logbook inafanya kazi gani?

Logbook ni hati ya usajili kutoka NTSA. Ina jina la mwenye nduthi, namba ya usajili (za nduthi huanza na KM), namba ya chasisi, namba ya injini, aina na rangi.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inasema mtu ambaye jina lake liko kwa usajili ndiye anahesabiwa mwenyewe, mpaka ithibitishwe vingine. Ile karatasi yenu ya makubaliano inaweza kukusaidia kujitetea, lakini haibadilishi jina kwa rekodi. Sheria hiyo hiyo inasema nduthi ikishauzwa, isitumike barabarani zaidi ya siku 14 kama mwenye mpya hajasajiliwa.

Halafu kuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31. Kwa lugha ya mtaa: mtu hawezi kukuuzia kitu ambacho si chake. Kama nduthi iliibwa, kwa kawaida inarudi kwa mwenyewe hata kama ulilipa na hukujua. Na ikionekana ulijua, au ulikuwa na sababu ya kushuku, kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinakungoja. Kupokea mali ya wizi ni kifungo cha hadi miaka 14.

Mbona logbook haiko?

Hili ndilo swali kubwa, kwa sababu si kila nduthi bila logbook ni ya wizi. Kuna majibu matano, na kila moja lina dawa yake.

1. Imepotea. Hii ndiyo rahisi kutatua. Mwenyewe anaripoti polisi, anapata abstrakti, kisha anaomba logbook nyingine NTSA. Anayeomba ni yeye, si wewe. Kama kweli ilipotea, mwambie aitoe kwanza, wewe utangoja. Msee mkweli atakubali. Yule anakuharakisha, jiulize anakimbia nini.

2. Iko kwa mkopo. Nduthi nyingi za stage zimenunuliwa kwa mkopo, na jina la kampuni hukaa kwa usajili pamoja na la mteja mpaka deni liishe. Zingine zina kifaa cha kufuatilia kimefichwa ndani. Muuzaji akilemewa na malipo ya kila siku, anakuuzia aondoke. Siku yake ya kulipa ikipita, nduthi inafuatwa hadi kwako. Dawa: nendeni pamoja kwa mkopeshaji, mjue deni ni ngapi, ulipe kampuni moja kwa moja, upewe barua kwamba limeisha. Kinachobaki ndicho unampa muuzaji.

3. Bado iko kwa jina la mwenye wa kwanza. Hii iko kila mahali. A aliuzia B, B akauzia C, na hakuna aliyebadilisha jina. Sasa C anakuuzia na karatasi tatu za makubaliano. NTSA inamjua A peke yake, na ni A tu anaweza kuanzisha uhamisho. Kama A hapatikani kwa simu leo, usidhani ataonekana ukishalipa.

4. Mwenyewe alikufa. Mjane au kijana yake anauza, na si mwizi. Lakini kisheria mali ya marehemu inauzwa na mtu aliyepewa idhini na korti kusimamia urithi. Barua ya chifu pekee haitoshi. Ukinunua kabla ya hapo, ndugu wa marehemu anaweza kuibuka akidai hakuulizwa, na atakuwa na haki ya kuuliza.

5. Imeibwa. Hapa hakuna dawa. Ondoka.

Jinsi ya kucheki mwenyewe

Anza na search. Ingia kwa akaunti yako ya NTSA kupitia eCitizen, weka namba ya usajili, lipa ada ndogo. Utapata rekodi ya nani ni mwenyewe na nduthi yenyewe ni gani. Usikubali search amekuletea muuzaji kwa WhatsApp. Picha hubadilishwa, au inaweza kuwa ya zamani.

Kisha shuka chini na tochi. Namba ya chasisi huwa imegongwa kwa shingo ya fremu, pale usukani unapozungukia. Ya injini iko kwa mwili wa injini, chini chini. Futa grisi, soma herufi moja moja, linganisha na search. Ukiona mahali pamesuguliwa, pamepakwa rangi mpya peke yake, au herufi zimepinda kama zimegongwa kwa mkono, hapo hakuna biashara. Pleti hubadilishwa kwa dakika tano, so pleti kulingana na search si ushahidi wa chochote.

Tatu, cheki deni. Tangu Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Inayohamishika ya mwaka 2017, kuna sajili ya mali zilizowekwa rehani, na search yake pia iko eCitizen. Si kila deni huonekana kwa logbook.

Nne, linganisha kitambulisho cha muuzaji na jina la kwa search. Kama si yeye, mwambie akupeleke kwa huyo mwenye jina. Si simu. Uso kwa uso.

Pesa inatoka lini?

Uhamisho unaanzia kwa akaunti ya muuzaji, halafu wewe unakubali kwa akaunti yako. Kaeni chini pamoja, hata kama ni kwa cyber ya mtaa, mfanye hiyo kazi mkiwa wote. Kama lazima utoe kitu mapema, iwe kidogo, na pesa kubwa itoke uhamisho ukishaingia. Tumia M-Pesa au benki, kwa jina lile lile liko kwa search. Keshi haina kumbukumbu. Makubaliano yaandikwe mbele ya wakili, yakiwa na namba za vitambulisho, chasisi na injini, na mashahidi wa pande zote.

Muuzaji akiringa, mkumbushe kitu kimoja: nduthi ikigonga mtu au itumike kwa wizi, karao wataanza na jina liko kwa rekodi. Ni lake. Kuhamisha kunamlinda yeye pia.

Na kama ushanunua?

Usipanic, na usimwuzie mtu mwingine ndiyo utoke. Fanya search leo. Kama ni jina la mwenye wa kwanza, mtafute sasa wakati bado anakumbuka na hajahama. Kama ni mkopo, ongea na kampuni kabla wakufikie. Kama namba za chasisi zimeguswa au kuna dalili ya wizi, egesha, chukua ujumbe wa M-Pesa na makubaliano yako, tafuta wakili, kisha uende polisi mwenyewe. Kufika ukiwa na karatasi ni afadhali kuliko kushikwa kwa roadblock ukiwa na mteja nyuma.

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Ile nusu ya bei unayoachiwa ni gharama ya shida ambayo muuzaji anaitoa kwake anakupea wewe. Binamu yangu ana nduthi sasa. Ilimchukua mwaka mwingine wa mjengo, ni kuukuu kuliko ile ya kwanza, na kiti kimeshonwa mara mbili. Lakini ukifanya search, jina linatoka ni lake.