Ushauri wa Kuacha Sigara Ulikotoka

Leo tuzungumzie sigara, ila kwa upande wa historia.

Hapa Eastlands, kuanzia Kaloleni hadi Kayole, mvutaji hununua sigara mojamoja kwenye kioski. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika Julai 2008, ilikataza jambo hilo. Nawe unajua vile kioski chako kinavyoitii! Hata ikifuatwa, sheria haimsaidii mtu saa kumi na moja alfajiri anapoamka na hamu ya moshi.

Mwaka 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza walionyesha kwamba sigara inahusiana na saratani ya mapafu. Lakini kujua ni kitu kimoja, kuacha ni kingine. Mwaka 1979 daktari Michael Russell na wenzake walichapisha utafiti wao wa London. Wavutaji zaidi ya 2,000 waligawanywa katika makundi. Kundi moja halikuambiwa lolote. Lingine liliambiwa na daktari, kwa dakika moja au mbili, waache. Wakapewa kijikaratasi na kujulishwa kuwa wangefuatiliwa. Baada ya mwaka mmoja, walioacha katika kundi la kwanza walikuwa 3 kati ya 1,000. Katika lile lililoshauriwa, 51.

Utasema 51 ni wachache. Mimi nasema hesabu dakika zilizotumika. Russell alikadiria kwamba kama madaktari wote wa Uingereza wangefanya vile, zaidi ya watu nusu milioni wangeacha kila mwaka.

Sisi huku neno ushauri nasaha tulilizoea kupitia VCT, miaka ya 2000. Wengi bado hudhani ni la ukimwi tu. Kumbe mgonjwa wa TB anayevuta analihitaji vilevile, maana moshi unayaumiza mapafu yaleyale tunayotibu.

Ukija kliniki sitakugombeza, ndugu yangu. Nitakuuliza sigara ya kwanza unaivuta saa ngapi, na ni nani mnayevuta naye. Tutachagua siku ya kuacha. Wiki ya kwanza ndiyo ngumu. Hamu ikija hudumu dakika chache, basi kunywa maji, tembea. Ukirudia kuvuta, rudi tuanze tena. Wengi huacha baada ya kujaribu mara kadhaa.

Kama unaona haya kuja, piga simu NACADA, namba 1192. Hailipishwi.