Kufuru, Maandamano na Adhabu ya Kifo: Mafundisho Tunayoyapata katika Kesi ya Asia Bibi

Kuna swali linalozuka kila zinapotufikia habari za mtu aliyehukumiwa kifo kwa kosa la kuikashifu dini. Je, heshima ya Mungu inalindwa kwa kuutoa uhai wa mwanadamu? Mkristo aseme nini pale umati unapojaza barabara ukidai damu, na pale sheria yenyewe inapoonekana kuupa umati huo nguvu? Katika makala hii tunaieleza kwa utaratibu kesi ya Asia Bibi wa Pakistan, mwamini Mkatoliki aliyekaa gerezani zaidi ya miaka 9, kisha tutazame yanayofundishwa na Mama Kanisa kuhusu kufuru, uhuru wa dini na adhabu ya kifo.

Sheria yenyewe na asili yake

Kanuni ya Adhabu ya Pakistan iliandikwa na watawala wa Kiingereza wa India mwaka 1860. Tangu mwanzo ilikuwa na vifungu vya kulinda mahali pa ibada na hisia za waamini wa dini zote, na mwaka 1927 kiliongezwa kifungu cha kumwadhibu mtu anayeitukana dini ya wengine kwa makusudi. Adhabu zake zilikuwa faini na kifungo.

Mabadiliko makubwa yalikuja wakati wa utawala wa Jenerali Zia ul-Haq. Mwaka 1982 kiliongezwa kifungu cha 295-B, kinachotoa kifungo cha maisha kwa anayeinajisi Kurani. Mwaka 1986 kikafuata kifungu cha 295-C, kinachohusu kumkashifu Mtume Muhammad, ambacho adhabu yake ilikuwa kifo au kifungo cha maisha. Mwaka 1990 Mahakama ya Shirikisho ya Sharia iliamua kwamba kifungo cha maisha hakifai kwa kosa hilo, na adhabu ikabaki kuwa kifo tu.

Mambo mawili yanafaa kukumbukwa. Kwanza, Serikali ya Pakistan haijawahi kumnyonga mtu kwa kosa hili. Waliouawa waliuawa na watu waliojichukulia sheria mkononi, wengine kabla kesi zao hazijasikilizwa. Pili, sheria hii haiwagusi Wakristo peke yao. Sehemu kubwa ya walioshtakiwa ni Waislamu. Mwezi Aprili 2017, mwanafunzi Mwislamu aitwaye Mashal Khan aliuawa na wanafunzi wenzake katika chuo kikuu mjini Mardan kwa tuhuma ambayo uchunguzi ulionyesha baadaye kuwa haikuwa na msingi.

Maji ya kisimani

Asia Bibi alikuwa kibarua wa mashambani katika kijiji cha Ittan Wali, wilaya ya Sheikhupura, jimbo la Punjab. Mwezi Juni 2009 alikuwa akichuma matunda pamoja na wanawake wengine. Aliteka maji ya kunywa, na baadhi ya wenzake wakakataa kuyapokea kwa kuwa yametoka mkononi mwa Mkristo. Maneno makali yakafuata. Siku chache baadaye alishtakiwa kwamba katika ugomvi ule alimkashifu Mtume. Yeye alikana shtaka hilo tangu mwanzo hadi mwisho.

Mwezi Novemba 2010 mahakama ilimhukumu kunyongwa. Alikuwa mke wa mtu na mama, wala familia yake haikuwa na mali wala cheo cha kuisemea. Baba Mtakatifu Benedikto XVI aliomba hadharani aachiwe huru, na mwezi Januari 2011, akizungumza na mabalozi wanaowakilisha nchi zao mjini Vatikano, aliihimiza Pakistan iifute sheria ya kufuru.

Waliolipa kwa maisha yao

Gavana wa Punjab, Salman Taseer, aliyekuwa Mwislamu, alimtembelea Asia Bibi gerezani na kusema wazi kwamba sheria inatumika vibaya. Tarehe 4 Januari 2011 aliuawa kwa risasi mjini Islamabad na mlinzi wake mwenyewe, Mumtaz Qadri. Wapo waliommiminia muuaji huyo maua ya waridi alipofikishwa mahakamani.

Miezi miwili baadaye, tarehe 2 Machi 2011, aliuawa Shahbaz Bhatti, Waziri wa Shirikisho wa masuala ya walio wachache na Mkatoliki aliyejua kabisa kwamba maisha yake yalikuwa hatarini.

Mumtaz Qadri alinyongwa tarehe 29 Februari 2016. Maelfu ya watu walifurika katika maziko yake, na kaburi lake likawa mahali pa kuzuriwa. Hapa tunaona jambo ambalo watetezi wa adhabu ya kifo hulisahau: kitanzi hakikuimaliza chuki iliyosababisha mauaji ya Taseer. Kilimpa muuaji sifa ya shahidi machoni pa wafuasi wake, na kutokana na hasira hiyo kikapata nguvu chama cha Tehreek-e-Labbaik, ambacho baadaye kiliongoza maandamano ya kudai Asia Bibi anyongwe.

Mahakama na barabara

Mahakama Kuu ya Lahore iliikubali hukumu ya kifo mwezi Oktoba 2014. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilisimamisha utekelezaji wake hadi rufani isikilizwe. Hatimaye, tarehe 31 Oktoba 2018, majaji watatu wakiongozwa na Jaji Mkuu Mian Saqib Nisar walimwachia huru.

Sababu zao zilikuwa za kisheria. Shtaka lilifikishwa polisi siku 5 baada ya tukio, bila maelezo ya kuridhisha. Mashahidi walipingana kuhusu mahali palipofanyika mkutano ambamo eti alikiri kosa, na kuhusu idadi ya watu waliokuwapo. Wanawake wawili waliomshtaki walikana kwamba kulikuwa na ugomvi wa maji, ilhali mashahidi wengine waliukubali. Palipo na shaka, mshtakiwa hupewa manufaa ya shaka hiyo. Jaji Asif Saeed Khosa, katika maoni yake, alikumbusha pia agano ambalo kwa mapokeo ya Kiislamu Mtume Muhammad aliwapa wamonaki wa Mlima Sinai, la kuwalinda Wakristo.

Saa hiyohiyo barabara zikafungwa. Kwa siku 3 miji mikubwa ilisimama, na kiongozi mmoja wa maandamano akatamka hadharani kwamba majaji wale wanastahili kuuawa. Serikali, ambayo siku ya kwanza ilikuwa imewaonya waandamanaji kwa ukali, ilitia sahihi makubaliano nao tarehe 2 Novemba, ikiahidi kutopinga maombi ya kuipitia upya hukumu. Wakili wake, Saif ul Malook, Mwislamu aliyemtetea bila kujali usalama wake, alilazimika kukimbilia Ulaya kwa muda. Asia Bibi alitoka gerezani mjini Multan tarehe 7 Novemba, lakini akaendelea kuishi mafichoni. Tarehe 29 Januari 2019 Mahakama ya Juu iliyatupa maombi ya mapitio, na mwezi Mei mwaka huo akaenda Kanada. Alikuwa huru, lakini nyumbani kwake hakuweza kurudi.

Maandiko Matakatifu yanatuonyesha nini?

Torati iliagiza mwenye kulikufuru jina la Bwana auawe (Law 24:16). Hatulifichi andiko hilo. Lakini Maandiko hayohayo yanatuonyesha jinsi shtaka la kufuru linavyoweza kugeuzwa silaha. Nabothi alipokataa kumpa mfalme Ahabu shamba lake la mizabibu, Yezebeli alitafuta mashahidi wawili wa uongo wadai kwamba amemtukana Mungu na mfalme. Akapigwa mawe, na shamba likachukuliwa (1 Fal 21). Yeyote anayezifahamu kesi za namna hii anajua kwamba mara nyingi nyuma ya shtaka la dini kuna mpaka wa shamba, deni, wivu au kikombe cha maji.

Susana naye aliokolewa kwa sababu kijana Danieli aliwatenganisha mashahidi na kuwauliza kila mmoja peke yake. Uongo wao ukajulikana kwa kutofautiana kwao (Dan 13). Majaji wa Islamabad walifuata njia hiyohiyo.

Tena shtaka la kufuru ndilo Kuhani Mkuu alilomshtaki nalo Bwana wetu Yesu Kristo (Mt 26:65), na ndilo mashahidi wa uongo walilolitumia dhidi ya Mtakatifu Stefano (Mdo 6). Kwa hiyo Mkristo hawezi kulisikia shtaka hili pasipo kukumbuka kwamba Mkombozi wake aliwahi kusimama kizimbani kwa sababu hiyo.

Mafundisho ya Kanisa

Kwanza, kufuru ni dhambi nzito. Kanisa halifundishi kwamba matusi dhidi ya Mungu au dhidi ya yale wengine wanayoyaheshimu ni jambo dogo. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2148, inaongeza neno la kutisha: kulitumia jina la Mungu ili kuficha uhalifu, kutesa watu au kuwaua, nako ni kufuru. Basi wanaoua kwa jina la Mungu wanatenda kosa lilelile wanalodai kuliadhibu.

Pili, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Uhuru wa Dini la tarehe 7 Desemba 1965, ulifundisha kwamba mtu asilazimishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake katika mambo ya dini. Haki hiyo ni ya kila mwanadamu, aliye Mkristo na asiye Mkristo.

Tatu, kuhusu adhabu ya kifo, mafundisho ya Kanisa yamekua na kupevuka. Mwaka 1995 Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Injili ya Uhai, alieleza kwamba hali za kuhalalisha adhabu hiyo zimekuwa nadra mno, kama zipo kabisa. Mwezi Agosti 2018 Baba Mtakatifu Fransisko aliirekebisha namba 2267 ya Katekisimu, nayo sasa inafundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki, kwa kuwa inavunja hadhi ya mtu, hadhi ambayo haipotei hata baada ya kosa kubwa. Hivyo kama Asia Bibi angekuwa na hatia kweli, Kanisa lingesema vilevile: asiuawe. Na hata Mumtaz Qadri, mwenye damu mikononi, hakupaswa kunyongwa.

Tusisahau ya kwetu

Ingekuwa unafiki kuyasema haya kana kwamba sisi tumekuwa safi daima. Katika nchi za Kikristo za Ulaya wazushi walichomwa moto. Mtakatifu Yoana wa Arc alihukumiwa na mahakama iliyoongozwa na Askofu, akachomwa moto mjini Rouen mwaka 1431. Hukumu yake ilitenguliwa mwaka 1456, naye akatangazwa Mtakatifu mwaka 1920. Katekisimu, namba 2298, inakiri kwamba hata wachungaji wa Kanisa walizifuata sheria za ukatili za nyakati zao. Mwaka 2000 Mtakatifu Yohane Paulo II aliomba msamaha hadharani kwa makosa ya wana wa Kanisa, yakiwemo ya kutumia nguvu katika kuitetea kweli.

Wala umati wa hasira hauna dini moja. Mwezi Machi 2015, baada ya makanisa mawili ya Youhanabad, mjini Lahore, kushambuliwa kwa mabomu, umati wa Wakristo wenye uchungu uliwakamata Waislamu wawili na kuwaua. Uchungu wao ulikuwa wa kweli. Tendo lao halikuwa la Kristo.

Kwetu Afrika Mashariki

Mwezi Oktoba 2012, huko Mbagala jijini Dar es Salaam, mtoto wa miaka 14 alidaiwa kuinajisi Kurani baada ya ubishi wa kitoto na mwenzake. Watu walikwenda kituo cha polisi wakidai wakabidhiwe mtoto huyo, na makanisa kadhaa yakaharibiwa na kuchomwa moto. Tunajua pia ni mara ngapi katika mitaa yetu mtu huitiwa mwizi au mchawi, na kabla hajaulizwa jina lake, mawe na tairi vimekwisha kumfikia.

Adhabu ya kifo nayo ingali katika vitabu vya sheria vya Tanzania na Kenya, ingawa Tanzania haijamnyonga mtu tangu mwaka 1994 na Kenya tangu 1987. Mwezi Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba si halali hakimu kulazimishwa kutoa hukumu ya kifo kwa kila kesi ya mauaji. Waliohukumiwa wangali wakiishi magerezani, na hao ni majirani zetu.

Yatupasayo kutenda

Tusisambaze tuhuma za dini kwa simu wala kwa maneno kabla ya kujua ukweli. Amri ya Nane inatubana hapo pia. Tunapoandamana, na kuandamana kwa amani ni haki ya raia, tudai haki itendeke, kamwe tusidai mtu auawe. Tuwalinde majirani zetu Waislamu wanapotukanwa, kama vile wakili Malook na Gavana Taseer walivyomsimamia dada yetu. Tuwatembelee wafungwa, wakiwemo waliohukumiwa kifo, kwa maana Bwana atatuuliza juu yao (Mt 25:36).

Na tunapoingia kanisani tuutazame msalaba kwa makini. Anayening'inia pale alihukumiwa kwa shtaka la kufuru huku umati ukipiga kelele asulubiwe, na mtawala aliyeona hana hatia akauogopa umati. Mungu, ambaye heshima yake inasemekana kutetewa kwa kuua, alikuwa upande wa yule aliyehukumiwa.